Kikombe kimeandikwa 1911: je, huo ndio umri wa shindano letu la kulaza ua?

SWALI: Naishi kijijini Leicestershire, Uingereza, huu mwaka wa tisa. Kila Oktoba hapa kwetu kuna shindano la kulaza ua wa miti, yaani kukata mashina ya ua uliopandwa na kuyainamisha yachipue upya. Mwaka jana nilichaguliwa kuwa katibu wa kamati, na sasa wanataka niandike kijitabu cha historia ya shindano. Kikombe cha mshindi kimeandikwa 1911. Programu ya 2024 inasema lilikuwa shindano la 93. Mwenyekiti anasisitiza kwamba halijawahi kukosa kufanyika isipokuwa wakati wa vita viwili vikuu. Mzee mmoja anasema mambo haya yalianza na Warumi, eti Julius Caesar mwenyewe aliyaandika. Hesabu hazikubaliani, na naona aibu kuuliza zaidi kwa sababu hata ufundi wenyewe siuelewi: wanakata shina karibu lote, kisha wanasema wanauponya ua. Haufi? Nianzie wapi, na je, niandike "tangu 1911"?

JIBU: Dada yangu, hongera kwa cheo na pole kwa kazi. Ukatibu wa kamati ya kijiji humwangukia yule aliyechelewa kuinamisha macho mezani. Hata mimi niliupata hivyo hivyo.

Umeuliza mengi, lakini naona dukuduku lako ni moja: kikombe, programu, mwenyekiti na mzee, umsadiki nani? Hakuna mwongo hapo. Kikombe kinajua umri wa kikombe. Programu inajua namna mtu fulani alivyohesabu mwaka fulani. Mzee anajua umri wa ufundi, na mwenyekiti anajua alichoambiwa na mwenyekiti aliyemtangulia. Umri wa shindano ni jambo la tano, na hilo itabidi ulitafute mwenyewe.

Nianze na ufundi, ingawa wewe uliuweka mwisho. Usione aibu. Usipolielewa lile shina hutaelewa kwa nini mtu alitoa mfukoni mwake fedha ya zawadi, na historia ya shindano la kijijini kwa sehemu kubwa ni habari ya nani alitoa zawadi na alikuwa akiogopa nini.

Mti hauishi kwa moyo wake. Katikati ya shina ni mbao iliyokwisha kufa, kazi yake kuubeba mti usianguke. Uhai unapita pembezoni. Chini tu ya gome pana utando mwembamba unaozaa mti upya kila mwaka. Upande wake wa nje ndiko chakula kinakoshuka kutoka majanini, na upande wake wa ndani ndiko maji yanakopanda kutoka mizizini. Kwa hiyo mlazaji anapokata shina kwa mteremko mrefu, karibu na ardhi, mpaka ukabaki ulimi mwembamba kama mkanda wa suruali, ametoa sehemu kubwa ya mbao iliyokufa na kuacha njia ya maji na chakula. Kisha analiinamisha shina polepole hadi lilale kwa mshazari juu ya mwenzake. Ulimi ukiwa mnene mno, unapasuka na kuvunjika. Ukiwa mwembamba mno, upepo wa kwanza unaukata. Kipimo hakipo kwenye rula, kipo mkononi.

Mara ya kwanza nilipopewa mundu, mwezi wa Novemba, tope hadi kwenye vifundo, nilikata shina la hothoni, ule mti wa miiba unaotoa maua meupe mwezi wa Mei. Nilikata kwa woga, nikaacha ulimi mnene kama kidole gumba. Nilipouvuta ulitoa mlio kama wa mfupa, ukapasuka kwenda juu hadi usawa wa kiuno. Mzee aliyekuwa akinifundisha hakunigombeza. Alilikata lile shina pembeni kabisa, akalitupa motoni, akasema: "Hilo tayari ni kuni. Chukua linalofuata." Nimekaa Uingereza miaka mingi, na sijapata somo fupi kuliko hilo.

Sasa, jibu la swali lako: haufi, na shina lililolala kwenyewe ni nusu tu ya kazi. Mradi hasa ni kisiki. Mti uliosimama hupeleka nguvu zake kileleni na kuvizuia vichipukizi vya chini. Ukiulaza, amri ile ya kileleni inakatika. Machipukizi yanainuka kutoka kwenye shina lililolala, na mengine, yaliyo bora zaidi, yanatoka kwenye kisiki karibu na udongo. Ndiyo maana utawaona wanarudi kukichonga kisigino cha kisiki kiwe kifupi, laini na chenye mteremko, maji ya mvua yasituame na machipukizi yatoke chini kabisa. Ua ambao haujalazwa kwa miaka 20 au 30 unageuka safu ya miti yenye miguu mitupu: juu majani, chini kondoo wanapita. Kuulaza ni kuurudisha utotoni.

Yanayofuata ni ya kuushikilia tu. Vigingi vinapigwa kila baada ya kama sentimita 45, kisha juu yake zinasokotwa fito ndefu za mti wa hazeli kama kamba. Mtu yeyote aliyekulia kwenye nyumba ya udongo anajua fito ni nini, kwa hiyo hapo hutahitaji mwalimu. Vitawi vyenye miiba vinaachwa upande ule walipo ng'ombe. Hii ndiyo staili ya Midlands, yaani kaunti za katikati ya England, na wenyewe wameipa jina la fahali aliyehasiwa, kwa sababu Leicestershire na jirani zake ni nchi ya kunenepesha ng'ombe: ua lazima umzuie mnyama wa nusu tani anayejikuna. Ukienda Devon utakuta ua umelazwa juu ya tuta la udongo na kushikiliwa kwa kulabu za matawi. Yorkshire ni mwembamba na wa chini, na juu unapigiliwa ubao. Derbyshire hawasokoti fito kabisa. Staili hizi zimefuata mifugo, udongo na miti iliyopo, na kila kaunti ina hakika kwamba jirani zake wanakosea. Ziandike katika kijitabu chako, lakini kwa kifupi. Wasomaji wako wanataka kujua yao.

Tuje kwa mzee na Caesar. Mzee ana haki. Katika kitabu chake kuhusu vita vya Gallia, Caesar anaeleza jinsi Wanervii, watu wa nchi ambayo leo ni Ubelgiji, walivyokata miti michanga na kuiinamisha, wakachanganya na miiba, mpaka ikawa kama ukuta usiopenyeka wala kuonekana upande wa pili. Hayo aliyakuta katika vita vya mwaka 57 kabla ya Kristo. Wanervii hawakuwa na jeshi la farasi la kutegemea, kwa hiyo walijenga nyua za kuwazuia wapanda farasi wa majirani zao. Shika hilo neno "farasi", litarudi. Lakini angalia: Caesar alikuwa akilalamika kuhusu kizuizi. Hakukuta majaji, wala filimbi, wala chai kwenye hema. Na Uingereza kwenyewe kipo kitabu cha ukulima cha mwaka 1523 chenye maelekezo ya kulaza ua. Ufundi ni wa kale. Kushindana ni mambo ya juzi. Kijitabu kinachochanganya umri huu na ule kitamfurahisha mzee na kumkera kila anayejua.

Kabla ya shindano unahitaji aya moja ya ua wenyewe, na hapa nakusihi usiandike kama kipeperushi cha watalii. Nyua nyingi zilizonyooka za Leicestershire si za Warumi. Zilipandwa ardhi ya pamoja ilipogawanywa na kuzungushiwa ua, kijiji baada ya kijiji, mara nyingi kwa sheria ya Bunge. Wigston Magna, kusini mwa mji wa Leicester, walipata sheria yao mwaka 1764. Kabla ya hapo mkulima mdogo alikuwa na vipande vyake katika mashamba makubwa ya wazi na haki ya kuchunga kwenye malisho ya wote. Baada ya hapo wengi walibaki na mikono yao. Watu hawakunyamaza. Mwaka 1607, sheria za Bunge zilipokuwa bado mbali lakini mabwana wameshaanza kuzungushia ardhi, watu wa Midlands waling'oa nyua kwa mikono na majembe, pamoja na huko Cotesbach, katika kaunti yako hiyo hiyo. Kiongozi wao, John Reynolds, walimwita Kapteni Mkoba, maana alidai mkobani mwake mna kitu cha kuwalinda na kila hatari. Sisi tulikuwa na maji ya Kinjikitile, wao walikuwa na mkoba. Tarehe 8 Juni mwaka huo, Newton, Northamptonshire, zaidi ya watu 40 waliuawa. Inasimuliwa kwamba mkoba ulipofunguliwa kilikutwa kipande cha jibini tu.

Mimi ni mtu wa Rombo, Kilimanjaro. Kwetu mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, ni mimea ya masale, na jani hilo hilo la isale ndilo unalompelekea uliyemkosea ukiomba msamaha. Nilichelewa sana kuelewa kwamba ua wa Kiingereza, mzuri kama ulivyo, haukuanza kama ishara ya amani. Wanakamati wako wanaweza wasipende sentensi hiyo. Iweke hata hivyo, kwa upole.

Sasa zawadi. Mwaka 1830 vibarua wa mashamba wa kusini na mashariki mwa Uingereza walivunja mashine za kupura nafaka na kuchoma moto mazizi na marundo ya majani, kwa barua zilizosainiwa na Kapteni Swing asiyekuwapo. Enzi hizo vyama vya kilimo vya wilaya, vya wenye ardhi na wapangaji wakubwa, vilikuwa vikitoa tuzo kwa vibarua wema: aliyetumikia bwana mmoja miaka mingi, aliyelea watoto wengi bila kuomba msaada wa parokia, aliyelima mfereji ulionyooka, aliyelaza ua vizuri. Huko ndiko mashindano ya namna ya kwenu yalikozaliwa, mara nyingi yakiwa sehemu ya siku ya kushindana kulima kwa farasi. Ukisoma magazeti ya karne ya 19 utakuta mshindi ametajwa kwa jina lake na papo hapo jina la mwajiri wake: fulani, mtumishi wa Bwana fulani. Zawadi ilikuwa fedha kidogo kwa kibarua na sifa nyingi kwa bwana. Ukilikuta jina namna hiyo, nakili yote mawili. Usimfute mwajiri kwa hasira wala kibarua kwa uvivu.

Kisha wakaja wenye farasi. Leicestershire ilikuwa nchi ya Quorn, Belvoir na Cottesmore, vyama vya uwindaji wa mbweha vyenye majina makubwa, na mpanda farasi alitaka ua unaorukika. Seng'enge iliyopewa hataza Marekani mwaka 1874 iliharibu mambo. Mkulima aliiona rahisi: waya na vigingi, kazi ya siku moja, ng'ombe hapiti. Lakini waya uliofichwa ndani ya majani ulivunja miguu ya farasi na shingo za matajiri. Vyama vya uwindaji vikaanza kuchangisha fedha za kuondoa waya, na vingine vikadhamini mashindano ya kulaza ua ili mkulima aone faida ya kuutunza. Wanervii walilaza ua ili farasi asipite. Wawindaji wa mbweha wakatoa vikombe ulazwe ili apite vizuri. Kikombe cha fedha cha 1911, katika kaunti hiyo, kinanifanya nishuku mkono wa wenye farasi. Ni shuku tu. Iulize kamati: aliyekitoa alikuwa nani? Jina lake kwa kawaida limechorwa kwenye kikombe chenyewe, na jina hilo litakueleza mengi kuliko mwaka.

Baada ya vita vya kwanza zawadi zilipata mikono mingine. Klabu ya kwanza ya wakulima vijana ilianzishwa Hemyock, Devon, mwaka 1921, na klabu hizo zilipoenea zikaleta vitengo vya chipukizi. Baada ya vita vya pili upepo ukageuka kabisa. Nchi ilikuwa imeonja njaa, ikataka ngano. Mashamba makubwa, trekta kubwa. Serikali yenyewe ilikuwa ikitoa ruzuku za kung'oa nyua, jambo ambalo leo vijana hawaliamini. Palipobaki ua, ilikuja mashine ya kuupiga kwa minyororo na visu kutoka ubavuni mwa trekta: saa moja, maili nzima, bila mundu. Mashindano mengi yalidhoofu hapo. Mwaka 1978 kikaundwa chama cha taifa cha walaza ua, na Mfalme Charles, tangu akiwa bado mwana wa malkia, amekuwa mlezi wake na mwenyewe hushika mundu. Tangu hapo mwenye kutoa zawadi huogopa jambo jingine: kupotea kwa ndege, nyuki, na ufundi wenyewe. Kwa washindani wengi leo kulaza ua si kazi ya kuwaweka hai majira ya baridi. Wapo walimu, madereva, wastaafu. Hilo nalo ni historia, usilione kuwa dogo.

Haya, hesabu. Tangu vuli ya 1911 hadi vuli ya 2024, ukihesabu zote mbili, kuna nafasi 114. Toa 1914 hadi 1918, ni 5. Toa 1939 hadi 1945, ni 7. Zimebaki 102. Mwenyekiti akiwa sahihi, programu ilipaswa kusema la 102, nayo inasema la 93. Kuna mashindano 9 yamepotea.

Matatu naweza kukuotea. Oktoba 1967 ulilipuka ugonjwa wa miguu na midomo karibu na Oswestry, Shropshire, ukasambaa hasa magharibi mwa Midlands, na wanyama zaidi ya 400,000 wakachinjwa. Wakati huo hakuna mkulima aliyetaka watu 40 wenye matope ya mashamba 40 wakanyage shamba lake. Mwaka 2001 ugonjwa ukarudi, safari hii zaidi ya wanyama milioni 6, na kisa cha mwisho kilikuwa mwishoni mwa Septemba. Mashindano ya Oktoba hayakuwa na nafasi. Na 2020 unaijua mwenyewe. Tunabaki na 6. Inawezekana baada ya vita walichelewa kurudi, maana 1919 na 1946 wanaume walikuwa bado wanatafuta kazi na afya. Inawezekana miaka ya 1960 au 1970 lililala kimya bila mtu kutaka kukumbuka. Au kuna katibu aliyeanza kuhesabu upya kwa kuotea, na wenzake wakaendelea kuongeza moja kila mwaka. Hilo la mwisho ni la kawaida kuliko unavyodhani.

Nikuambie langu, usije ukarudia. Kamati moja ya mashindano ya kulima iliwahi kuniomba ukurasa mmoja wa historia. Nikasoma mwaka kwenye kikombe, nikaandika "tangu" na mwaka ule, wakachapisha mabango. Miezi miwili baadaye bibi mmoja akaniletea kipande cha gazeti kilichokunjwa ndani ya Biblia: shindano lile lile, shamba lile lile, miaka 30 kabla ya kikombe. Kikombe kilikuwa zawadi ya mpangaji mpya aliyetaka kupendwa. Mabango yalibaki, na mimi nilikoma.

Kwa hiyo uanzie wapi? Anza na vitabu vya mihtasari. Mara nyingi haviko ofisini. Viko darini kwa binti wa katibu wa zamani. Uliza kwa jina la katibu, usiulize kwa jina la kitabu. Kisha nenda ofisi ya kumbukumbu ya kaunti, wewe mwenyewe. Mtandaoni utapata orodha, lakini mtumishi wa chumba cha kusomea ndiye anayejua kwamba karatasi za mashindano zimo ndani ya sanduku la wakala wa shamba kubwa la jirani. Makumbusho ya maisha ya vijijini yaliyo Reading, chini ya chuo kikuu cha huko tangu 1951, nayo ina nyaraka nyingi za kilimo. Halafu magazeti. Mengi ya zamani yamewekwa kwenye intaneti, na maktaba nyingi za umma zinakuruhusu kuyasoma bure. Ila kuna mtego: watu wa Midlands mara nyingi hawakusema "kulaza" ua, walisema "kukata" ua. Ukitafuta kwa neno la kulaza peke yake utatoka mikono mitupu na kuamini kwamba shindano halikuwapo. Tafuta pia shindano la kulima, maana ua ulikuwa mstari wa mwisho katika habari hiyo, baada ya farasi bora na kabla ya chakula cha jioni.

Na wazee. Nenda kwao kabla ya nyaraka ikiwa wamezidi miaka 80, nyaraka zitakungoja. Usiende na orodha ya maswali. Nenda na picha moja ya zamani na uiweke mezani. Waulize kura ya vipande ilipigwaje asubuhi, maana ua haulingani: aliyepewa kipande chenye mashina mengi hucheka, aliyepewa chenye mapengo hununa. Kuna walioshindania kipande cha mnyororo mmoja, yaani yadi 22, kama mita 20. Siku hizi nusu yake ni kawaida, kwa muda wa saa tano hivi. Waulize ilibadilika lini. Waulize nani aliwahi kulalamikia jaji. Hapo ndipo utasikia historia. Omba ruhusa kabla ya kurekodi, na malalamiko ya familia zilizo hai yaache nje ya kijitabu.

Kuhusu "tangu 1911", naona una njia tatu. Ya kwanza ni kuandika hivyo hivyo: inapendeza, inauzika, na ikivunjika itavunjikia mikononi mwako. Ya pili ni kutotaja mwaka, useme "zaidi ya karne moja". Ni salama, lakini na hilo ni dai, na kama kikombe kilikuwa cha shindano la kulima kwanza ndipo kikahamia kwenye ua, si kweli. Ya tatu, ninayoipendelea mimi, ni kuandika unachoweza kukionyesha: kikombe kina tarehe ya 1911, habari ya kwanza ya shindano tuliyoikuta ni ya mwaka fulani katika gazeti fulani, na miaka ambayo halikufanyika ni hii. Kamati itaguna. Wanataka bango la maadhimisho, nawaelewa, na namba ya mviringo huleta wadhamini. Waambie ukweli una faida moja ya biashara: mwakani mtu akileta kipande cha gazeti kutoka kwenye Biblia ya bibi yake, mtafurahi pamoja badala ya kuona haya.

Programu nayo iache na namba yake. Ongeza tu maelezo madogo kwamba namba ni ya hesabu ya kamati. Kupiga vita namba ya 93 katika mwaka wako wa kwanza wa ukatibu ni kupanda mchongoma, na kushuka unajua ndiyo ngoma.

Jambo moja ambalo barua haitoshi. Ukitaka kuuelewa ufundi kwa mikono, na nakushauri ufanye hivyo kabla ya kuandika, usinunue mundu ukajifunze nyuma ya nyumba. Nenda siku ya mafunzo na mtu aliyelaza maili nyingi. Mundu wa kule ni mzito, wenye ncha iliyopinda kama kotama ya mgema lakini mpana zaidi, na ndani ya ua wa zamani huwa mna seng'enge iliyomezwa na shina; chuma kikigonga chuma, mundu unaruka. Msumeno wa mashine usiuguse bila mafunzo rasmi. Na kama ua uko mpakani na jirani au kando ya barabara, muite fundi auone kwanza. Sheria ya England ya 2024 inakataza kwa kawaida kukata nyua za mashambani kuanzia 1 Machi hadi 31 Agosti, ndege wanapotaga, na kanuni za 1997 zinataka idhini kabla ya kung'oa nyua nyingi za mashambani. Kulaza hakung'oi kitu, lakini jirani mwenye hasira hajui tofauti.

Siku ya shindano, fika nusu saa kabla ya filimbi ya mwisho. Fito zimeshasokotwa, takataka zinaungua, na washindani wamepiga magoti wanachonga visigino. Pita upande wa ng'ombe, kisha upande wa pili, kama majaji wanavyofanya. Inama. Ukiona ulimi ulio sawa, haujapasuka, na kisiki kifupi chenye mteremko, utakuwa umeelewa kuliko nusu ya wanakamati.

Na lile la kikombe. Kigeuze, au tazama karibu na ukingo wake, kwa kioo cha kukuzia. Kama ni fedha halisi ya Kiingereza utaona mihuri midogo: simba anayetembea ndiye wa fedha, nanga ni ya Birmingham, kichwa cha chui ni cha London, na kando yake kuna herufi moja. Herufi hiyo ni ya mwaka kilipopimwa, na sonara yeyote mwenye jedwali atakusomea. Ukikuta EPNS, ni kilichopakwa fedha tu, na herufi ya mwaka hutaipata. Kisha linganisha vitu vitatu: herufi ya mwaka, maandishi ya 1911, na mwaka ulio kando ya jina la mshindi wa kwanza. Vikilingana, una pa kuanzia. Kikombe kikiwa cha 1911 na mshindi wa kwanza ni wa 1924, basi kilikaa kwenye kabati la mtu miaka 13, na hapo swali lako ni kabati la nani. Fanya hivyo leo usiku, na usikisugue sana kwa dawa ya kung'arisha, maana majina ya washindi wa mwanzo ndiyo yanayofutika kwanza.